Kusafisha kompyuta si kurudisha mafaili

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi na sababu mnazijua: testi zimefuatana, asaimenti za makundi ambazo majina yanaandikwa sita na kazi wanafanya wawili, halafu bumu nalo likachelewa. Sasa nimepumua kidogo. Leo nina hoja moja imenikaa rohoni tangu muhula uanze, nayo inahusu kompyuta. Msikimbie! Mimi ni mtu wa Elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Jiografia, kwa hiyo nitaongea lugha ya watu.

Hoja yenyewe ni hii. Hapa chuoni na huko majumbani kwetu tunaogopa virusi, lakini tunajikinga upande ambao si wenyewe. Kila mtu anauliza, "Antivairasi gani nzuri?" Sijamsikia anayeuliza, "Nakala ya pili ya kazi yangu iko wapi?" Na mimi nasema hilo swali la pili ndilo swali. La kwanza ni la ziada.

Kwa nini tumekuwa hivi? Mimi nalaumu virusi vya shotikati. Mnavijua. Unapeleka flashi steshenari kuprinti kazi, ukirudi chumbani unaifungua unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, ukibofya hakifunguki kitu au kinafunguka huku kimeshajipandikiza kwenye laptopu yako. Moyo unapiga paa! Halafu anakuja jirani wa chumba cha pili, anaandika mstari mmoja wa attrib kwenye lile dirisha jeusi, na mafaili yote hayo yanarudi. Watu wanapiga makofi, anapewa soda, maisha yanaendelea.

Sasa tuelewane: pale hakukuwa na muujiza wowote. Kile kirusi hakikugusa kilichomo ndani ya mafaili. Kiliyaficha tu, kikaweka shotikati za uongo mahali pake. Amri ya attrib inaondoa ule ufichaji, basi. Ni kama mtu kakufichia daftari chini ya godoro. Ukilijua godoro, daftari lako ni zima, hakuna hata ukurasa uliochanika.

Hapo ndipo tulipodekezwa. Miaka nenda rudi tumefundishwa na shotikati kwamba ugonjwa wa kompyuta dawa yake ni fundi. Ukisafisha, mambo yanarudi. Ndiyo maana likija jambo la aina nyingine kabisa, tunalipokea kwa mazoea yaleyale, na mazoea hayo ndiyo yanayotumaliza.

Jambo lenyewe ni hii kitu wanayoiita ransomwea. Ni programu inayoingia kwenye kompyuta yako, inateka mafaili, halafu inakuachia barua ya kudai fidia. Haifichi. Inachukua kila faili, picha, Word, Excel, PDF, inalivuruga kwa hesabu na ufunguo wa siri kiasi kwamba bila ufunguo ule, faili lipo lakini ni takataka tupu. Turudi kwenye daftari letu: safari hii haliko chini ya godoro. Liko mezani mbele yako, ila kila herufi imebadilishwa, na anayejua ilibadilishwa vipi hayupo nchini. Ukimuua aliyebadilisha, herufi hazirudi. Hapo ndipo penye somo zima la leo: unaweza kukisafisha kirusi kikaisha kabisa, kompyuta ikang'aa, na mafaili yakabaki yamefungwa vilevile. Kusafisha ni kazi moja na kurudisha ni kazi nyingine.

Na msidhani ni mambo ya jana. Cha kwanza kinachojulikana kilitokea mwaka 1989. Mmarekani mmoja mwanabaiolojia, Joseph Popp, alihusishwa na disketi zipatazo 20,000 zilizotumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, zikiwa na programu iliyojifanya kutoa elimu ya UKIMWI. Ukiiweka, ilikuwa inahesabu unavyoiwasha kompyuta. Ikifika kama mara ya 90, inavuruga majina ya mafaili na kukutaka utume dola 189 kwenye sanduku la posta la Panama. Tena sanduku la posta! Lakini kufuli lile lilikuwa jepesi, wataalamu wakalifungua na kugawa programu ya kurekebisha. Makufuli ya siku hizi, yakitengenezwa vizuri, hata wataalamu wenyewe wanakaa chini.

Kwa watu wa majumbani, yaani wewe na mimi na kompyuta ya mezani pale sebuleni iliyofunikwa kitambaa, kirusi cha kukijua jina ni STOP, wengine wanakiita Djvu. Magazeti hayakiandiki sana kwa sababu hakihangaiki na mabenki wala mahospitali, kinahangaika na sisi wadogo. Na mlango wake mkubwa umekuwa ni kraki. Naam, kraki! Zile programu za kufungulia programu za kulipia. Kikishafunga mafaili kinaongeza herufi zake mwishoni mwa kila jina na kuacha barua inayoitwa _readme.txt. Kwa miaka mingi barua hiyo ilidai dola 980, na "punguzo" la nusu, yaani dola 490, ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Hiyo nusu peke yake ni zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Piga hesabu ya bumu lako hapo, halafu ucheke au ulie.

Sasa niwape lililotokea, maana bila mfano mtasema nahubiri. Mwenzangu mmoja wa kozi, wa mwaka wa tatu kama mimi, alienda kwao likizo kukusanya data za utafiti wake wa mwisho. Kaenda shule nne, kahoji walimu, karekodi mahojiano kwa simu, kagawa hojaji. Jioni anaingiza kila kitu kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, ileile ambayo mama yake anaandikia hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa na ambayo ndiyo albamu ya familia. Harusi ya kaka, ubatizo wa watoto, picha za mwisho za bibi yao. Yote humo, na hayapo mahali pengine.

Mdogo wake wa kidato cha nne akataka gemu. Akapata gemu la kulipia, na kraki yake, bure. Maelekezo ya kraki yakamwambia, "Kwanza zima antivairasi, maana inasumbua." Mtoto mtiifu, akazima. Akabofya. Gemu halikufunguka, likaja dirisha linaloonyesha kwamba Windows inajiapdeti, subiri. Na kwao wote wanajua kwamba kompyuta ikiwa inajiapdeti hairuhusiwi kuzimwa. Basi wakaiacha, wakaenda kula. Lile dirisha lilikuwa la uongo. Ni ujanja unaojulikana wa STOP, kinakuonyesha picha ya apdeti ili usishangae kompyuta kuwa nzito wakati kinafunga mafaili yako moja baada ya jingine.

Waliporudi, kila kitu kimebadilika jina. Kesho yake wakaita fundi wa mtaani. Fundi naye ni mtu wa enzi za shotikati. Akaangalia, akatikisa kichwa, akamwambia mama, "Mama yangu, hii ina virusi wabaya, hapa ni kupiga Windows upya." Akapiga, akafomati diski yote, akachukua elfu thelathini yake akaondoka. Kompyuta ikawa nyepesi kama mpya. Na ikawa tupu kama mpya.

Simlaumu fundi kwa nia. Alifanya alichojua na aliondoa kirusi kweli. Ila aliondoa na matumaini. Kwa nini nasema hivyo? Sikilizeni.

Mosi, Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua mafaili ya STOP, ikishughulikia aina 148 za kirusi hicho. Haifungui aina zote. Aina mpya zilizokuja baadaye ni ngumu zaidi. Lakini hata kwa hizo kuna mwanya: kirusi kikishindwa kuwasiliana na wenyewe kwenye intaneti wakati kinafunga, kinatumia ufunguo mmoja uleule kwa watu wengi. Ufunguo huo ukipatikana siku moja, wote wanafunguliwa. Kwetu huku ambako bando linaisha saa yoyote, huo si mwanya wa kuudharau.

Pili, STOP kwa ajili ya haraka hakivurugi faili zima. Kinavuruga kama kilobaiti 150 za mwanzo. Kwa faili la Word la kurasa chache, hizo ndizo zote, limekwisha. Lakini kwa rekodi ya mahojiano ya dakika arobaini katika mp3, hizo ni sekunde za mwanzo tu, pale unapojitambulisha na kumshukuru mwalimu kwa muda wake. Rekodi za namna hiyo zinaweza kukarabatiwa na sehemu kubwa ikasikika. Mahojiano ya mwenzangu pengine yangeokoka mengi. Baada ya kufomati, hakuna cha kukarabati.

Tatu, wahalifu wenyewe wakati mwingine huachia funguo. Mwezi Mei 2016 wenye TeslaCrypt waliachana na kazi hiyo na kutoa ufunguo mkuu. Mwezi Juni 2019, wenye GandCrab walipotangaza kustaafu, Bitdefender ikishirikiana na polisi wa Ulaya ikatoa programu ya bure ya kufungua. Aliyekuwa ameyatunza mafaili yake yaliyofungwa alifurahi. Aliyefuta, alisoma habari hiyo kama habari za watu wengine.

Mwenzangu kilichomponya ni makaratasi. Hojaji zilikuwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda, na sura mbili alikuwa ameshamtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Yuko hapa sasa hivi anaingiza data upya, usiku, mpaka macho mekundu, na shule mbili kati ya nne itabidi azirudie. Picha za bibi hazina hojaji ya karatasi.

Sasa najua mtaniambia, "Dada, si angekuwa na antivairasi ya maana." Nimejibu: alikuwa nayo. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender ndani yake, bure, na kwa mtu wa kawaida inatosha. Ilizimwa kwa mkono. Hakuna antivairasi ya bei yoyote inayomlinda mtu aliyeambiwa aizime akaizima. Ningekuwa na sauti ningewaambia wadogo zetu wote sentensi moja: programu inayokuomba uzime ulinzi ili iingie, ni mwizi anayekuomba ufunge mbwa kwanza.

Wengine mtasema, "Sawa, lakini kraki ni shida, si starehe. Idara inataka SPSS, SPSS ni ghali, tufanyeje?" Hapa nawaunga mkono nusu. Ni kweli, unapewa mwongozo wa utafiti unaodai uchambuzi wa SPSS, halafu hakuna anayekuambia utaipata wapi kihalali, kana kwamba inauzwa kantini. Wakubwa wetu wakae walitazame hili, maana kumtaka mwanafunzi atumie kitu asichoweza kukinunua ni kumsukuma kwenye kraki huku umefumba macho. Lakini nusu nyingine siwaungi. Kuna PSPP, ni ya bure na inafanana na SPSS hata sura. Kuna JASP, kuna R kwa wenye roho ngumu, zote bure na halali. Badala ya Office ya kraki kuna LibreOffice. Asilimia, wastani, kai-skweya, hivi ndivyo wengi wetu tunavyohitaji, na PSPP inavimaliza. Tujibu kweli: tulishajaribu, au tulikimbilia kraki kwa sababu kila mtu anayo?

Halafu kuna suala la apdeti. Hapa hosteli nusu ya watu wamezizima kwa sababu "Windows inakula bando". Inakula, sikatai. Lakini kumbukeni WannaCry. Microsoft walitoa kiraka cha tundu lile tarehe 14 Machi 2017. WannaCry ikaanza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, ikapiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ilikuwa inatambaa yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila mtu kubofya chochote. Waliokuwa wameshaweka kiraka haikuwaingia kwa tundu lile. Kama bando ni tatizo, zima apdeti wiki nzima, lakini ukipata waifai ya maktaba ziwashe, uiache ishuke huku unasoma. Na wenye Windows 10 mjue kwamba muda wake wa kawaida wa kupewa viraka bure uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye Windows 7 ndio msiseme, yao iliisha Januari 2020. Kompyuta ya namna hiyo iandikie, ichezee muziki, lakini usiifanye ghala pekee la maisha yako.

Haya, ikitokea? Maana inaweza kutokea hata kwa mtu makini. Nimeyaandika kwa mpangilio ili hata mama akiwa peke yake nyumbani asomewe kwa simu.

Kwanza, kata intaneti. Zima waifai, chomoa waya, chomoa flashi na diski za nje haraka. Ukiona mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yako na bado yanaendelea, zima kompyuta kabisa, hata kwa kushikilia kitufe.

Pili, usifute chochote na usimruhusu mtu afomati. Piga picha ya ile barua kwa simu yako. Mafaili yaliyofungwa na barua yenyewe ndiyo ushahidi na ndiyo tumaini.

Tatu, tumia kompyuta nyingine iliyo salama, nenda kwenye tovuti ya No More Ransom. Ilianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama wa kompyuta, na ni bure. Unapeleka faili moja au mawili yaliyofungwa pamoja na barua, inakuambia ni kirusi gani na kama kuna ufunguo. Usipeleke faili lenye siri za watu.

Nne, hapo ndipo unasafisha. Defender ina uchunguzi unaoitwa wa ofulaini, unaoizima kompyuta na kuichunguza kabla Windows haijaamka, kirusi kikiwa bado kimelala. Ukitaka uhakika zaidi, nakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje, iandike jina kwa kalamu, iweke kabatini, kisha ndipo fundi apige Windows upya. Utaona fundi anafanya kilekile, tofauti ni hiyo diski ya kabatini tu. Na tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Funguo zikitoka mwakani, una cha kufungua. Lakini kamwe usianze kufungua mafaili kabla kirusi hakijaondoka, maana yatafungwa tena.

Tano, badilisha maneno yako yote ya siri, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. STOP kimewahi kuja na rafiki yake, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Ukisafisha kompyuta ukaacha barua pepe na neno lilelile la siri, umefukuza mwizi ukamwachia ufunguo.

Kuhusu kulipa: ushauri wangu ni usilipe. Hakuna risiti, hakuna dhamana, na jina lako linaingia kwenye orodha ya wanaolipaga. Lakini sitamcheka mama aliyelipa kwa ajili ya picha za marehemu mama yake. Tatizo halikuanzia siku ile ya kulipa, lilianzia miaka yote ile ambayo picha zilikaa mahali pamoja.

Ambapo tunarudi kwenye swali letu. Nakala ya pili iko wapi? Na hapa kuna mtego ambao watu wengi wanauingia wakidhani wamejikinga. Diski ya nje uliyoiacha imechomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima si nakala ya akiba. Ransomwea ikiingia inaiona kama diski nyingine yoyote na kuifunga vilevile. Folda nyingine ndani ya kompyuta hiyohiyo, iitwe "BAKAPU MUHIMU" kwa herufi kubwa, si bakapu. Nakala ya kweli ni ile ambayo kirusi hakiwezi kuifikia: umenakili, umechomoa, umeweka kabatini.

Google Drive na wenzake nao wanafaa, hasa kwa utafiti ambao mafaili ya Word ni madogo na hayali bando. Kuna la kujua tu: kama folda yako inajinakili yenyewe, mafaili yaliyofungwa nayo yatapanda juu na kukaa badala ya mazima. Bahati nzuri Google Drive huweka matoleo ya nyuma ya faili kwa siku 30 hivi, kwa hiyo ukiwahi unarudisha toleo la jana. Ukikaa miezi miwili unasikitika, umechelewa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi: kazi iwe sehemu tatu. Kwenye kompyuta, kwenye diski au flashi iliyochomolewa, na kwenye intaneti au nyumba nyingine. Flashi hiyo isiwe ileile ya steshenari. Ya steshenari ni ya kwenda vitani, ya akiba haitoki kabatini. Picha za familia zichukue siku moja, nakili zote kwenye diski, mpelekee shangazi akae nayo. Shangazi hadukuliwi.

La mwisho, na hili nawaambia walimu wenzangu watarajiwa. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha niliona kompyuta ya mwalimu wa taaluma. Humo ndimo mlimokuwa na alama za wanafunzi wote, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ratiba, orodha za usajili wa mitihani. Kompyuta moja, inayochomekwa flashi za walimu kumi na tano kila siku. Hakuna nakala. Na darasani, kwenye somo la kompyuta, watoto wanakariri: "Kirusi ni programu hatari. Njia ya kuzuia: tumia antivairasi." Wanapata vema, wanaenda nyumbani, wanazima antivairasi kwa sababu ya gemu.

Tukifika mashuleni tusifundishe hivyo. Kirusi hakifahamiki kwa kukariri maana yake. Mpe mtoto flashi, mwambie nakili kazi yako, chomoa. Sasa futa ile ya kwenye kompyuta. Umeogopa? Haya, irudishe kutoka kwenye flashi. Kipindi kimoja cha dakika arobaini, na hatakisahau maisha yake yote. Huyo ndiye atakayekwenda kumwambia mama yake kuhusu zile picha. Fundi haitwi kabla ya ugonjwa, lakini mtoto wa nyumbani yupo kila siku.

Mimi siku yangu ni Jumapili. Nguo zikiwa kwenye kamba zinakauka, nanakili. Haichukui dakika kumi. Wewe chagua yako, hata ikiwa siku ya kusuka, alimradi iwe siku.

Haya, nimesema yangu. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, hasa nyie watu wa kraki, nawasubiri. Keshokutwa nina testi ya Saikolojia ya Elimu na sijagusa hata ukurasa, kwa hiyo mniombee. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na bumu likiingia.